Great Ocean Road kwa Wawili: Mwongozo Kamili wa Siku 3 kwa Gari, Melbourne Hadi Warrnambool

Great Ocean Road, kusini mwa jimbo la Victoria nchini Australia, ina kilomita 243 kati ya Torquay na Allansford. Ukiitazama namba hiyo peke yake utadhani ni safari ya asubuhi moja, na hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge. Wanatoka Melbourne alfajiri, wanapambana na kona, wanafika kwenye Twelve Apostles, mawe marefu yaliyosimama baharini, mchana sambamba na mabasi ya watalii, wanapiga picha mbili tatu, kisha wanarudi usiku wakiwa hoi na wamenuniana. Mzunguko huo wa kwenda na kurudi siku moja unakula saa 11 hadi 12. Mwongozo huu ni wa siku 3, mnalala Apollo Bay usiku wa kwanza na Port Campbell usiku wa pili. Kama mna usiku mmoja tu, lala Port Campbell na si kwingine. Sababu itaonekana mbele.

Barabara yenyewe ilichongwa kati ya 1919 na 1932 na wanajeshi wapatao 3,000 waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kwa sururu, makoleo na baruti, iwe kumbukumbu ya wenzao waliokufa vitani. Ndiyo maana sehemu kubwa ni njia mbili nyembamba zilizobanwa kati ya mwamba na bahari, hazina bega la kuegesha. Wastani wa kilomita 50 kwa saa ndio wa kupangia. Ramani ya simu ikikuambia saa moja, hesabu saa moja na nusu kabla hujaongeza vituo.

Mwelekeo, na nani ashike usukani

Australia inaendesha kushoto. Mkitoka Torquay kuelekea magharibi, bahari inakuwa kushoto kwenu muda wote, na sehemu nyingi za kuegesha na kutazama ziko upande huo huo: unaingia na kutoka bila kukata mbele ya magari yanayokuja. Ukianzia Warrnambool kila kituo ni kukata kulia kwenye kona, nyuma yako kuna foleni isiyo na subira. Kwa hiyo nendeni kwa pwani, mrudi kwa barabara ya bara.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi hawalipangi hadi limewakera. Usukani uko kulia, abiria anakaa kushoto, upande wa bahari. Dereva anabaki na ukuta wa mwamba na mstari mweupe. Akijaribu kutazama mawimbi anavuka mstari, asipotazama anafika jioni akiwa hajaona kitu. Dawa yake ni kubadilishana kila kipande: mmoja Torquay hadi Lorne, mwingine Lorne hadi Apollo Bay, na kuendelea. Hilo linahitaji majina yote mawili yawe kwenye mkataba wa gari. Dereva wa pili asiyeandikwa akigonga, bima haipo, hata kama ni mume au mke wako. Ulizeni ada ya dereva wa pili mnapoweka nafasi, msiikute kaunta.

Aliyezoea barabara za Kenya, Tanzania au Uganda hatapata shida ya upande. Anayetoka Rwanda, Burundi au Kongo, ambako wanaendesha kulia, awe mwangalifu hasa anapotoka kwenye maegesho matupu. Hapo ndipo mazoea ya zamani humrudia mtu. Serikali imechora mishale kwenye lami karibu na vituo vya kutazama kwa sababu hiyo hiyo.

Wakati wa kwenda

Machi na Aprili ndiyo miezi ya kuchagua kama ratiba inaruhusu: upepo umepungua, bahari bado ina joto kiasi, na msongamano wa likizo za Januari umekwisha. Epuka tu wikiendi ya Pasaka, maana kuna mashindano ya kuteleza mawimbini Bells Beach na vyumba hujaa.

Desemba hadi Februari ni kiangazi. Mchana ni mrefu, lakini nyumba za kulala hujaa na hatari ya moto wa msituni ni ya kweli. Siku ya Krismasi 2015 moto uliteketeza nyumba 116 za Wye River na Separation Creek, vijiji viwili vilivyo juu ya barabara hii hii. Pakueni programu ya VicEmergency na muisome kila asubuhi. Siku ikitangazwa kuwa ya hatari ya juu kabisa, msiingie kwenye misitu ya Otway. Barabara za kutokea ni chache, na moto ukizikata hamna pa kupita.

Juni hadi Agosti ni baridi, mvua na upepo wa kukata masikio. Kwa upande mwingine mawimbi yana nguvu, vyumba vinapatikana, na kuanzia Juni hadi Septemba nyangumi huja kuzalia karibu na ufuo wa Logans Beach pale Warrnambool. Mvua kubwa huleta maporomoko ya mawe, basi angalieni kama barabara iko wazi kabla ya kutoka.

Tofauti ya mwanga ndiyo inayopanga ratiba. Mwishoni mwa Desemba jua huzama Port Campbell karibu saa 3 kasoro dakika 10 usiku na kuchomoza kama saa 12 asubuhi. Mwishoni mwa Juni linazama saa 11 na robo jioni na kuchomoza saa 2 kasoro robo. Anayepanga safari ya Juni kwa saa za Desemba atajikuta kwenye kona za Lavers Hill gizani.

Gari, mafuta na makaratasi

Gari dogo la gia otomatiki linatosha. Njia yote kuu ni lami. Kubwa zaidi ni taabu ya maegesho. Leseni iliyoandikwa kwa Kiingereza inakubalika kwa mgeni wa muda mfupi; isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri au kibali cha kimataifa cha udereva. Kwenye mkataba someni mambo matatu: kama barabara ya changarawe inaruhusiwa (mara nyingi hairuhusiwi), kama kugonga mnyama usiku kunafidiwa, na kama kioo cha mbele na tairi vimo kwenye bima.

Chukueni gari uwanja wa ndege wa Tullamarine, si katikati ya jiji. Mjini Melbourne kuna makutano ambako anayekata kulia hutakiwa kukaa upande wa kushoto kabisa na kusubiri taa, ili asizuie tramu. Ni kanuni ya kueleweka, lakini si ya kujifunzia kwenye gari la kukodi baada ya safari ndefu ya ndege. Kutoka Tullamarine fuateni barabara kuu ya M80, kisha M1 hadi Geelong, pitieni barabara ya kuuzunguka mji na mtokee Torquay. Njia hiyo haina malipo. Wekeni ramani iepuke barabara za kulipia, kwa sababu hazina kibanda cha kulipa taslimu: kamera inasoma namba ya gari na kampuni inawaletea bili yenye ada yake juu.

Mzunguko mzima, pamoja na michepuko, ni kama kilomita 700. Gari linalotumia lita 7 hadi 8 kwa kilomita 100 litahitaji lita 49 hadi 56. Jazeni Geelong au Torquay, kisha tena Apollo Bay. Msiondoke Apollo Bay na nusu tangi kwa matumaini. Mbele kuna msitu, milima, na vituo vichache vinavyofungwa mapema.

Mtandao wa simu unakatika kwenye kona za Wye River na ndani ya Otway. Pakueni ramani ya eneo zima mkiwa bado na intaneti, na kaeni na anwani za mnakolala kwenye karatasi. Namba ya dharura ni 000.

Vingine vya kubeba: koti la kuzuia upepo kwa kila mmoja, hata Januari, losheni ya kukinga jua ya SPF 50, kwani jua la Australia linachoma hata kukiwa na mawingu, viatu visivyoteleza, tochi, darubini, lita 3 za maji, na taulo la zamani la kufuta mchanga kabla ya kuingia garini. Mwenye kusumbuliwa na kichefuchefu ameze dawa yake kabla ya Lorne, si baada ya kuanza kujisikia vibaya.

Siku ya 1: Melbourne hadi Apollo Bay (kama km 190)

Ondokeni saa 2 asubuhi. Torquay mtafika saa 3 na nusu hivi. Msikae sana mjini. Endeleeni hadi Bells Beach na mtembee hadi jukwaa la juu ya mwamba, dakika 30. Wateleza-mawimbi wanaonekana vizuri kutoka juu kuliko kutoka mchangani.

Aireys Inlet kuna mnara wa taa wa Split Point, mweupe, urefu wa mita 34, uliojengwa 1891. Njia fupi ya miguu inazunguka mwamba na kutazama mwamba mwingine uliosimama baharini. Nusu saa inatosha.

Dakika chache mbele, pale Eastern View, ndipo lilipo lango la mbao la Memorial Arch lenye jina la barabara. Maegesho yako upande wa bahari. Kila mtu anataka picha akiwa katikati ya barabara chini ya lango, na malori yanapita. Simameni pembeni, na mpiga picha achuchumae kidogo ili lango lijae kwenye fremu. Picha inatoka ile ile.

Lorne ni mahali pa chakula cha mchana na kubadilishana usukani. Kabla ya kuondoka pandeni Teddys Lookout, juu ya mji. Kutoka kwenye jukwaa la chini mnaona barabara ikijipinda juu ya mdomo wa mto St George, mwamba upande mmoja na povu upande wa pili. Kituo hiki tukikiweka mbele ya vingine vyote vya siku ya kwanza hatutaomba radhi. Wenye muda wachepuke kilomita 9 hivi hadi maporomoko ya Erskine, yenye mita 30. Ngazi ni nyingi, na kurudi ni kupanda. Kiangazi maji hupungua sana, hapo rukeni.

Lorne hadi Apollo Bay ni kilomita 45 na saa nzima ya kona. Hiki ndicho kipande chenyewe. Dereva ashushe gia kabla ya kona, si ndani yake. Magari matatu yakijipanga nyuma, ingieni sehemu ya kupisha wapite. Msafiri mwenye haraka nyuma ya bampa lenu ataharibu saa nzima ya mandhari. Kamwe msisimame njiani kwa ajili ya picha, hata sekunde kumi.

Kennett River tafuteni koala kwenye mikaratusi kandokando ya barabara ya Grey River. Angalieni panapoachana matawi: anaonekana kama fundo la kijivu lisilosogea. Tembeeni kwa miguu, maana barabara hiyo ni changarawe na mkataba wa gari huenda unakataza. Kasuku watatua mikononi wakitarajia mbegu. Msiwape, wanaugua na wanazoea kudowea watu. Mbele kuna jukwaa la Cape Patton, dakika 10, kisha Apollo Bay. Jazeni mafuta jioni hiyo hiyo.

Siku ya 2: msitu asubuhi, mawe jioni (kama km 125)

Baada ya Apollo Bay barabara inaiacha bahari na kuingia Otway. Watu hulalamika kwamba bahari imepotea, lakini mapumziko haya ya macho yanasaidia. Kilomita 17 mbele ni Maits Rest, njia ya duara ya mita 800 kwenye msitu wa mvua: kangaga zenye kimo cha mti, magogo yaliyovaa kuvu, mbao zinazoteleza. Fikeni kabla ya saa 4 asubuhi na huenda mkawa peke yenu.

Mchepuko wa Cape Otway ni kilomita 12 kwenda na 12 kurudi, hadi mnara wa taa uliowashwa mara ya kwanza 1848. Kuna kiingilio na milango hufungwa alasiri, basi thibitisheni saa kabla ya kuacha barabara kuu. Tengeni saa 2 kwa jumla. Mkilazimika kuchagua kati ya mnara na Maits Rest, chukueni Maits Rest.

Lavers Hill iko juu mlimani na mara nyingi imezama kwenye ukungu. Washeni taa za kawaida, si kubwa; taa kubwa kwenye ukungu zinawarudia machoni. Badilishaneni usukani hapa, kunyweni kitu cha moto, kisha mteremke.

Sasa mpango wa mawe. Mabasi kutoka Melbourne hujaza Twelve Apostles kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Mkifika saa hizo, piteni moja kwa moja hadi Port Campbell, kilomita 12 mbele, mchukue chumba, mle, mpumzike. Kula mapema ni muhimu zaidi kiangazi: jua linazama usiku, na majiko ya mji huu mdogo hayawasubiri. Anayerudi kutoka kwenye machweo akiwa na njaa hukuta viti vimepinduliwa juu ya meza. Nunueni mkate, jibini na matunda mapema iwe akiba.

Rudini saa 2 kabla ya jua kuzama, mkianzia Gibson Steps. Ni ngazi 86 zilizochongwa kwenye mwamba hadi mchangani, na kutoka chini mnapata kimo halisi cha mawe ambacho jukwaani hakionekani. Kama lango limefungwa, limefungwa. Mawimbi hufika ukutani na kumbana mtu. Likiwa wazi, kaeni mbali na kuta, kwa sababu chokaa hii inadondoka bila taarifa. Mawe yenyewe ni mabaki ya ukuta ulioliwa na bahari: wimbi linatoboa pango, pango linakuwa tao, tao linaanguka, linabaki jiwe limesimama. Moja lenye kimo cha mita 50 hivi lilivunjika Julai 2005 mbele ya watalii. Hayajawahi kuwa 12.

Kwenye majukwaa ya juu, ukitazama magharibi jioni, jua liko nyuma ya mawe na yanabaki vivuli vyeusi juu ya anga nyekundu. Rangi ya dhahabu kwenye mawe yenyewe inapatikana asubuhi. Msiondoke jua linapogusa maji kama wanavyofanya wengi. Subirini dakika 20 hadi 40: pengwini wadogo huanza kutoka baharini makundi kwa makundi na kupanda mchanga, na hapo darubini inalipa. Msiwamulike kwa tochi wala mweko wa kamera. Droni imekatazwa bila kibali katika hifadhi hii.

Kilomita 12 za kurudi chumbani ziendeni kwa 60 au 70. Kangaruu akitokea, shika breki ukiwa umenyoosha usukani. Kumkwepa ndiko kunakopeleka magari mtini.

Siku ya 3: alfajiri, matao na kurudi

Amkeni mfike Twelve Apostles nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Mwanga unayapiga mawe usoni, na jukwaa lina watu wa kuhesabika. Saa moja baadaye nendeni Loch Ard Gorge, kilomita 3 hivi kuelekea Port Campbell. Meli ya Loch Ard ilivunjika hapa Juni 1878 ikiwa na watu 54; wakapona wawili tu, kijana Tom Pearce na msichana Eva Carmichael, ambaye Tom aliogelea kwenda kumvuta. Watu wa koloni walitamani sana waoane. Hawakuoana, Eva alirudi Ireland. Tao la jirani lilipoanguka 2009, nguzo mbili zilizobaki zilipewa majina yao. Tengeni saa moja na nusu, mshuke hadi ufukweni ndani ya korongo.

Kifungua kinywa Port Campbell, kisha magharibi. London Bridge lilikuwa daraja la mwamba la matao mawili hadi tarehe 15 Januari 1990, tao la upande wa bara lilipoanguka na kuwaacha watu wawili upande wa pili. Waliokolewa kwa helikopta. Dakika 20 zinatosha. The Grotto, shimo la mwamba lenye dimbwi tulivu, ni dakika 20 nyingine. Bay of Islands, baada ya Peterborough, msiiruke: ina mawe mengi yaliyosimama kama ya jana, ila mabasi mengi yameshageuza.

Kuogelea: kokote mwambao huu, ingieni majini tu palipo na bendera nyekundu na njano za waokoaji, na humo katikati ya bendera. Mkondo unaovuta nje huonekana kama njia tulivu yenye maji meusi kati ya mawimbi, na mgeni huichagua akidhani ndiyo salama. Ukikuchukua, usishindane nao. Elea, inua mkono, sogea kandokando ya ufuo.

Barabara inaishia Allansford, na Warrnambool iko mbele kidogo. Msimu wa nyangumi pandeni jukwaa la Logans Beach na msubiri walau dakika 40. Wanazama kwa muda mrefu. Nje ya msimu nendeni Tower Hill, kilomita 15 magharibi, kasoko ya volkano ya zamani ambako emu hutembea kwenye maegesho. Fungeni madirisha, mfiche chakula.

Kurudi Melbourne tumieni Princes Highway kupitia Colac na Geelong: kilomita 260, saa 3 bila vituo. Ondokeni kabla ya saa 8 mchana wakati wa baridi, saa 10 kiangazi, mkibadilishana Colac. Kiwango cha pombe kwa dereva ni chini ya 0.05, na kamera za mwendo ni nyingi kuliko mnavyoziona. Jazeni tangi karibu na uwanja wa ndege mkitunza risiti, pukuteni mchanga kwenye mazulia, na pigeni picha za pande zote nne za gari, kioo cha mbele na namba ya kilomita kabla ya kukabidhi ufunguo.